Nyota zinazoanguka zinabeba ujumbe: namna gani radio inapita kwenye mikia ya vimondo

Mtu wa Goma ama Bukavu akifungua radio yake ya FM asubuhi mapema, akaiweka pahali ambapo hakuna kituo chochote, na akiwa na antena nzuri inje ya nyumba, kuko siku atasikia jambo la kushangaza. Kwanza ni mvumo tu. Kisha ghafula sauti ya mtu, ama kipande cha muziki, wazi kabisa, nusu sekunde ama sekunde moja. Kisha mvumo tena. Kituo hicho kinaweza kuwa cha Nairobi ama Dar es Salaam, mbali sana kupita pahali FM inafika kwa kawaida. Radio haijaharibika na hakuna uchawi. Kimondo, kile ambacho wengi wanaita nyota inayoanguka, kimepita kule juu katikati ya safari, na kwa muda mfupi kimekuwa kioo cha mawimbi ya radio.

Kuko watu ambao walichukua kile kioo cha nusu sekunde na kujenga juu yake njia ya kutuma habari kila siku, kwa makumi ya miaka, bila satelite na bila minara ya rezo. Katika majimbo yetu ya mashariki, ambako mto unaweza kujaa kule milimani na watu wa chini wasipate habari sababu hakuna rezo, kazi kama hiyo inafaa kueleweka vizuri. Inaweza kusaidia kwa mambo fulani. Kwa mambo mengine haifai hata kidogo, na tofauti inategemea sana saa za siku.

Mwanga wa mchanga

Vimondo vingi haviko mawe makubwa. Ni vumbi la anga, punje ndogo kama mchanga wa kando ya ziwa, na kila siku dunia inakutana na mabilioni yake. Punje hizo zinaingia katika hewa na mbio ya kilometa 11 hadi 72 kwa sekunde moja. Zikifika kimo cha kati ya kilometa 120 na 80 hivi, zinaungua. Jicho linaona chache tu, zile kubwa kidogo, usiku. Lakini kila moja, mchana ama usiku, kuwe mawingu ama kusiwe, inaacha nyuma yake mstari mrefu na mwembamba wa hewa iliyovunjwa-vunjwa, yenye elektroni zilizo huru. Elektroni hizo njo zinarudisha mawimbi ya radio chini.

Ili kuelewa faida yake, tuanze na fonie, ile radio ya parokia, ya vituo vya afya na ya mashirika, ambayo wengi katika Kivu, Maniema na Ituri wanaifahamu. Fonie inafika mbali kwa sababu inatumia frekansi za chini, na mawimbi yake yanagonga tabaka la elektroni ambalo liko kule juu siku zote, kisha yanarudi. Lakini tabaka hilo linabadilika na jua. Operateri wa fonie anajua kwamba frekansi ya mchana haiko ile ya usiku, na kuko masaa ambapo mtu anaita na kuita bila kujibiwa. Frekansi za juu zaidi, kuanzia megahezi 30 hivi, kwa kawaida hazirudishwi na lile tabaka. Zinatoboa na kwenda zao angani. Njo maana FM na talkie-walkie zinafika tu pale antena moja inaweza kuona ingine, na mlima mmoja unatosha kuzizuia.

Mkia wa kimondo una elektroni nyingi zaidi, zilizobanana katika mstari mmoja. Kwa hiyo unaweza kurudisha hata zile frekansi za megahezi 40 ama 50. Shida ni kwamba upepo wa kule juu na kutawanyika kwa hewa vinaufuta haraka. Mkia wa punje ndogo unafanya kazi kwa sehemu ya sekunde tu, mara nyingi chini ya nusu sekunde. Ule wa punje kubwa unaweza kudumu sekunde kadhaa, lakini hiyo inakuja mara chache.

Kuko sharti lingine. Mtoto akishika kipande cha kioo juani, anaweza kutupa mwanga kwenye ukuta, lakini lazima kioo kielekee vizuri. Ukikigeuza kidogo, mwanga unaenda kwingine. Mkia wa kimondo ni vile vile. Kati ya vituo viwili fulani, ni mikia tu iliyolala kwa upande unaofaa ambayo inaweza kupitisha wimbi kutoka kimoja hadi kingine. Mabilioni ya vimondo yanapungua sana hapo, yanabaki machache kwa dakika ama kwa saa. Upande wa pili wa jambo hilo ni faida: wimbi linaporudi chini linaangukia eneo dogo, na mtu aliye mbali na pale hasikii kitu. Majeshi yaliipenda sana siri hiyo.

Toka radari hadi milima ya theluji

Mu mwaka wa 1929, mtaalamu wa Japani, Hantaro Nagaoka, alifikiri kwamba vimondo vinaweza kugusa mawimbi ya radio. Miaka iliyofuata, wengine Marekani waliona kwamba siku za mvua kubwa ya vimondo, vituo vya mbali vinasikika kwa ghafula. Jambo likawa wazi zaidi mwishoni mwa Vita ya pili ya dunia. Jeshi la Uingereza lilikuwa limetengeneza radari zake ili zione roketi za Ujerumani zinazoitwa V-2, na radari hizo zilikuwa zinatoa alama hata wakati hakuna roketi yoyote. James Hey, mtaalamu wa jeshi hilo, aligundua kisha kwamba alama nyingi zilitoka kwa vimondo.

Miaka ya 1950, Kanada ilijenga mfumo wa kwanza wa kweli wa kutuma maandishi kwa njia hiyo. Uliitwa JANET, kutoka jina la Janus, mungu wa zamani wa Waroma mwenye nyuso mbili anayetazama mbele na nyuma, sababu vituo vyote viwili vilikuwa vinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Mu mwaka wa 1965, wataalamu wa OTAN waliofanya kazi kule The Hague, Uholanzi, walikuwa na mfumo wao ulioitwa COMET. Ulileta wazo moja ambalo leo tunaliona la kawaida: kama kipande cha ujumbe kimepotea njiani, mashine inakiomba yenyewe mara ya pili, hata mtu asijue.

Lakini kazi ambayo ilionyesha vizuri zaidi faida ya vimondo haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya maji. Magharibi ya Marekani, mito mingi inapata maji yake kutoka theluji inayoyeyuka milimani. Wakulima na watu wa mabwawa wanataka kujua mapema theluji iko kiasi gani, na zamani watu walipanda milima kwa miguu ama kwa ski ili kuipima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, idara ya udongo ya wizara ya kilimo ya inchi hiyo ilianza kuweka vituo vidogo kule juu, mfumo unaoitwa SNOTEL. Kila kituo kina mfuko mpana wa maji yasiyoganda uliowekwa chini. Theluji inapoanguka juu yake, uzito wake unapimwa. Kisha namba zinatumwa kwa mkia wa kimondo hadi kwenye vituo vikuu viwili, kimoja Boise katika jimbo la Idaho, kingine Ogden katika jimbo la Utah. Vituo hivyo viwili tu vilihudumia mamia ya vituo vidogo, kwenye mabonde ambayo hakuna mnara uliweza kuyaona.

Miaka ya karibuni SNOTEL imehamia kwa rezo za telefone na satelite, sababu bei imeshuka na wanataka habari kila saa. Hata hivyo, makumi ya miaka ya kazi ni ushuhuda mkubwa kwa kitu kinachotegemea vumbi.

Namna ya kupanga njia

Anayetaka kujenga njia ya namna hiyo anaanza na frekansi. Hesabu za fizikia zinasema hivi: ukipandisha frekansi mara mbili, toka megahezi 40 hadi 80, mkia wa kawaida utafanya kazi kwa robo ya muda ule wa kwanza, na nguvu inayorudi itashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo ni bora kukaa chini. Lakini ukishuka sana, chini ya megahezi 30, unaingia katika eneo la fonie na makelele yake, na tabaka la juu linaanza kukuchanganya. Njo maana mifumo mingi ilikaa kati ya 40 na 50.

Kwenye frekansi hizo, pahali penye utulivu, makelele ambayo antena inasikia yanatoka angani kwenyewe, kwenye ule mstari mweupe wa nyota unaoonekana usiku. Hayo hakuna anayeweza kuyazima. Lakini katikati ya mji kuko jenereta, moto wa kuchomea vyuma, onduleri za bei ndogo, na makelele yao yanafunika sauti dogo ya kimondo. Kituo kikuu kinachowekwa ndani ya mji kinajipiga chenyewe. Kinapaswa kuwa inje, mbali kidogo na laini za umeme.

Kisha kuko umbali. Kwa sababu mkia uko kwenye kimo cha kilometa mia moja hivi na dunia ni mviringo, njia haiwezi kupita sana kilometa 2.000. Tuchukue mfano wa kwetu, hata kama leo hakuna mfumo wa namna hiyo uliopangwa: kituo kikuu kikiwekwa karibu na Kisangani, Goma iko mbali kama kilometa 500 kwa mstari ulionyooka, Bunia iko mbele ya 550, Uvira iko zaidi kidogo ya 600, na Kalemie kama 850. Yote iko ndani ya mzunguko mmoja. Na Kisangani iko pahali tambarare, hakuna mlima wa kuzuia upande wowote.

Milima inaonekana upande wa vituo vidogo. Kwa umbali wa kilometa 500, antena inapaswa kutazama juu kama digri 20, na kwa 850 ni digri 11 hivi. Ukipeleka njia hadi 1.500, unabaki na digri nne tu. Mtu aliye katika bonde la Kalehe ama chini ya Ruwenzori, akiwa na ukuta wa milima unaopanda digri kumi mbele yake, hataweza kuongea na kituo kilicho mbali sana, lakini kile cha kilometa 500 bado kinafaa. Wimbi linapita juu ya mlima. Ni jambo ambalo FM haiwezi kulifanya, na ni sababu kubwa ya Wamarekani kulichagua katika mabonde yao.

Antena yenyewe haiko ya ajabu. Ni ile ya vijiti sambamba inayofanana na antena ya zamani ya televisheni, lakini kubwa: kwa megahezi 40 kijiti kimoja kina urefu wa karibu metre tatu na nusu. Wengi wanaanza kwa kuielekeza katikati kabisa ya vituo viwili, lakini hapo haiko pahali pazuri zaidi. Kwa ajili ya ule ulazima wa kioo kuelekea vizuri, vimondo vinavyofaa zaidi vinapatikana pembeni, kushoto na kulia ya ile katikati, makumi ya kilometa. Antena kali sana, yenye kutazama eneo dogo, inakamata nguvu nyingi lakini inaona vimondo vichache. Yenye kutazama eneo kubwa inaona vingi lakini kwa nguvu ndogo. Wapangaji wengi wanaishia katikati, vijiti vitatu hadi vitano.

Mazungumzo ya nusu sekunde

Hakuna mtu anayejua ni saa gani kimondo kitapita, kwa hiyo mashine zinapaswa kuwa macho siku zote. Kituo kikuu kinatuma bila kuchoka ishara fupi, kama mtu anayegonga mlango na kuuliza, uko? uko? Muda mwingi hakuna anayesikia. Mkia ukitokea pahali panapofaa, kituo kidogo kinasikia kugonga, kinajua kwamba njia iko wazi sasa hivi, na kinatupa ujumbe wake papo hapo. Kituo kikuu kinaangalia kama ujumbe ni mzima, kisha kinajibu, nimepata. Yote yanaisha kabla mkia haujafutika. Kwenda na kurudi kwa wimbi, kwa kilometa 500, kunachukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo haiko safari inayokula muda. Muda unaliwa na urefu wa ujumbe.

Hapa njo moyo wa kazi yote. Mikia mifupi ni mingi sana kuliko mirefu. Ukipunguza ujumbe, vimondo vingi zaidi vinakufaa na unangoja kidogo zaidi. Sauti ya mtu haiwezi kupita, hata salamu moja. Picha haiwezi. Lakini namba ya kituo, milimeta za mvua, kimo cha mto, hali ya batri na saa vinaweza kubanwa katika ishara mia moja na hamsini za ndiyo-ama-hapana. Kwa mbio ya ishara 4.000 kwa sekunde, hiyo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mtu anayeongeza maneno mazuri katika ujumbe wake anajiongezea dakika za kungoja.

Umeme ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Kituo kikuu kinahitaji nguvu nyingi, mara nyingi wati elfu moja ama zaidi, na umeme wa kudumu. Kituo kidogo kinatuma na wati mia moja hadi mia tatu, lakini kwa muda mfupi mno, na kutuma mara moja kunakula umeme kidogo tu, kama ule ambao tochi ya telefone inakula kwa dakika moja. Kinachomaliza batri ni sikio, si mdomo: chombo cha kupokea kinabaki wazi mchana na usiku. Pano moja ya jua na batri nzuri vinatosha, kama hesabu ya siku za mawingu imefanywa vizuri. Katika milima ya Kivu siku hizo haziko chache.

Saa mbaya

Sasa tufike kwenye jambo ambalo maelezo mengi yanalipita haraka. Vimondo haviji sawasawa siku nzima. Motard anayeendesha katika mvua analowa kifua zaidi kuliko mgongo, kwa sababu yeye njo anaifuata mvua. Dunia nayo inakimbia kuzunguka jua, kilometa 30 kwa sekunde hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, yaani 6h00, sisi tuko upande wa kifua, na tunapokea vimondo vingi. Saa kumi na mbili jioni, 18h00, tuko upande wa mgongo, na vinavyotufikia ni vile tu vyenye mbio ya kutosha kuifuata dunia kwa nyuma. Tofauti ya kawaida kati ya asubuhi na jioni ni karibu mara nne.

Tuseme njia imepangwa vizuri na asubuhi inangoja dakika tatu kwa wastani. Neno wastani linadanganya hapa, sababu vimondo vinakuja bila mpango, kama abiria kwenye kituo cha pikipiki: mara watatu pamoja, mara hakuna mtu. Hesabu ya mambo yanayokuja bila mpango inasema kwamba ili uwe na uhakika wa 95 kwa mia, zidisha wastani mara tatu. Kwa hiyo asubuhi ni dakika tisa. Jioni wastani unakuwa dakika kumi na mbili, na uhakika uleule unadai dakika 36.

Kwa theluji ya Idaho dakika 36 si kitu. Theluji inayeyuka kwa majuma, na ujumbe mmoja kwa siku ulitosha. Lakini milima yetu ina tabia ingine. Joto la mchana linapandisha mawingu, na mvua kubwa mara nyingi inapiga kuanzia mchana hadi jioni, ile saa ambayo vimondo viko vichache zaidi. Siku ya Alhamisi, 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, maji na mawe yalishuka na kuua watu zaidi ya 400. Mito mifupi na mikali ya namna hiyo haitoi nusu saa. Mtu anayekuja kuuza mfumo wa vimondo kama king'ora cha mafuriko ya Kalehe, anauza kitu ambacho kinalala kwenye saa ya hatari.

Kwa mito hiyo, chombo cha kupima mvua kule juu kinapaswa kuongea moja kwa moja na mtu wa chini, kwa radio ya kawaida inayoonana na kilima cha jirani, kilima hadi kilima, na mtu mwenye filimbi ama megafoni kwenye mwisho. Hiyo ni kazi ingine, ya karibu na ya rahisi zaidi, na haihitaji anga.

Lakini kuko maji ambayo hayana haraka. Ziwa Tanganyika lilipanda kidogo kidogo na kuingia katika nyumba za Uvira na Kalemie mu 2021, na tena mu 2024. Maji hayo yalikuja kwa miezi, si kwa dakika. Mto mkubwa kama Ulindi ama Elila, unaotoka milimani na kuvuka msitu kabla ya kufika kwenye mto Kongo, unachukua muda. Mvua ya kila siku kwenye vituo vya mbali vya Walikale, Shabunda ama Mambasa, ambayo leo mara nyingi inaandikwa kwenye karatasi na kufika mjini kisha majuma, ama haifiki kabisa: hiyo inaweza kungoja hata saa nzima bila mtu kuumia. Hapo vimondo viko na nafasi ya kweli, sababu kisha kununua vyombo hakuna malipo ya kila mwezi kwa kampuni ya satelite, na hakuna mnara wa katikati wa kulinda wala wa kuibiwa mafuta.

Mtu akitaka kupunguza saa mbaya, kuko njia. Kituo kikuu cha pili, tuseme upande wa Kindu, kinaleta vimondo vingine ambavyo cha kwanza hakikuweza kuvitumia, na kituo kidogo kinajibu yeyote atakayegonga kwanza. Kuongeza nguvu ya kituo kikuu kunasaidia vilevile, lakini faida yake ni ndogo kuliko gharama: ukizidisha wati mara nne, hesabu ya vimondo vinavyofaa inapanda kama mara mbili tu.

Radi, leseni na kilima

Kabare, jirani ya Bukavu, ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi. Kwenye hesabu iliyofanywa na satelite na kutolewa mu 2016, ilikuja ya pili baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa frekansi za megahezi 40 makelele ya radi hayasumbui kama kwenye fonie, lakini mti wa chuma uliosimama peke yake juu ya kilima ni mwaliko. Ardhi ya chini ya antena, ile waya ya kupeleka radi katika udongo, inapaswa kuhesabiwa mwanzoni kabisa, na katika udongo wa mawe ya volkano hiyo ni kazi ngumu sababu mawe makavu hayapokei umeme vizuri.

Frekansi si mali ya anayezikuta wazi. ARPTC njo inatoa ruhusa, na katika eneo hilo la megahezi 30 hadi 88 kuko radio nyingi za majeshi ya inchi mbalimbali. Mahali pa vita, antena ya metre kadhaa juu ya kilima, yenye sanduku linalotuma lenyewe usiku, itaulizwa maswali na kila mwenye silaha atakayepita. Chefu wa kijiji na wakaaji wanapaswa kujua kilicho ndani ya sanduku kabla ya fundi kupanda nalo. Kifuniko kinachofunguka na kuonyesha kwamba ndani kuko namba za mvua tu kinaweza kulinda chombo kuliko kufuli.

Kabla ya hayo yote, kuko kazi ya kwanza ambayo haidai pesa nyingi: kuhesabu. Kituo kimoja kinachotuma ishara bila kukatika upande wa Kisangani, kwa ruhusa, na chombo cha kupokea upande wa pili, kwa mfano kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, ndani ya Kabare kwenyewe, ambako kuko desturi ndefu ya kufuata matetemeko na hali ya hewa. Kompyuta ndogo inaandika kila mara ishara inapotokea, saa gani na kwa muda gani. Mwaka mzima, sababu vimondo vinabadilika na miezi pia, na mwezi mmoja wa Agosti ama Desemba, wakati mvua kubwa za vimondo zinapita, utampa mtu tumaini la bure. Mwishoni, namba ya kuangalia kwanza ni ile ya kati ya saa kumi na saa mbili za usiku, 16h00 hadi 20h00, mwezi ulio dhaifu zaidi.